Kakakuona Abaki Bondeni

Chuo cha wanyama kilikuwa na taasisi ya kuchunguza shida za jamii, na mtafiti wake alikuwa Kakakuona, mnyama mwenye haya. Alipogundua kwamba mto ungefurika, alimshauri Mfalme Simba awahamishie mlimani wakazi wote wa bondeni. Simba akakubali, wakahama.

Kakakuona akangoja nyumbani kwake bondeni aitwe. Hakuna aliyemwita. Bonde likawa kimya, maji yakaanza kuingia mlangoni.

Digidigi, mmoja wa waliohama, akarudi mbio. "Bwana Mtafiti, mbona umebaki?"

"Hakuna aliyeniambia twende."

"Tulidhani huhitaji kuambiwa! Si wewe uliyetuhamisha?"

Kakakuona akainamisha kichwa. "Niliwatetea wakazi wote," akasema, "lakini sikujua kama nami ni mmoja wao."

"Basi jua leo," akajibu Digidigi, wakapanda mlima pamoja.