Hujambo ya Kila Saa

Tangu sheria itake mtambo wa barua pepe wa kila kampuni ulelewe nyumbani kwa mtu, Bi Mwanahawa aliuweka ule wa kiwanda cha mkonge kando ya kabati la vyombo. Kila saa aliuandikia: “Hujambo?” Ukijibu, basi ni mzima.

Mumewe, Mzee Shemweta, akaona wivu. “Mimi mbona hunijulii hali hivyo?”

Bi Mwanahawa akalitia jina lake kwenye orodha ya mtambo, salamu zimfikie kwa simu. Kila saa likaja jibu: “Sijambo, mke wangu. Niletee chai.”

Leo alasiri lilikuja vilevile. Akacheka, akapeleka chai. Mzee alikuwa amelala kitini, na simu yake imezimika kwa kuishiwa chaji tangu jana. Kumbe mtambo, usiopenda jina lolote likae kimya, ulikuwa ukimjibia.

Bi Mwanahawa akamshika bega; lilikuwa la baridi.

“Hujambo, mume wangu?” akauliza, akangoja.