Mzigo wa Mzee Kigutaq

Tishari, chombo bapa cha kushushia shehena, liligeuka tena kabla halijagusa ufuko. Ulaayuk aliliona likirudi kwenye meli huku mawimbi yakilipanda, akasogeza redio karibu na mdomo.

"Kapteni, niletee mzigo mmoja tu. Wa baba yangu, Kigutaq. Ni kreti ndefu."

"Mama, mawimbi yanafika mita tatu, na barafu inatufungia njia nyuma. Nikichelewa hapa, tutanaswa hapa hadi kiangazi kijacho."

Meli ya shehena hufika kijijini mara moja kwa mwaka. Huku hakuoti mti, na hata msumari huagizwa kutoka kusini miezi mingi kabla.

Jirani yake, Paulusi, alikuwa amesimama kando, mikono mifukoni. "Karatasi zangu zote za chooni zimo mle," alisema. "Mwaka huu nitajipangusa kwa theluji."

"Nyamaza wewe. Baba ana siku ya sita hajala."

Mzee Kigutaq aliagiza mzigo wake mwenyewe, wala hakumwambia mtu ni nini. Ulaayuk alikisia kuwa ni mashine ya boti, maana tangu ile ya zamani ife, baba yake hakwenda tena kuwinda sili. Muuguzi alimpima akasema hana ugonjwa. Lakini mzee alilala akielekea ukutani, na kila asubuhi aliuliza jambo moja tu: "Meli imeshusha?"

Ulaayuk aliamini tumaini hilo ndilo lililomshikilia duniani. Wiki nzima alipiga magoti akimwomba Bwana aitulize bahari. Upepo ulizidi.

Alasiri meli ilipiga honi, ikamezwa na theluji.

Alirudi nyumbani polepole, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Baba, imeondoka."

"Na mzigo wangu?"

"Imeondoka nao. Hadi mwakani."

Alimshika mkono, akangoja lile alilokuwa akiliogopa. Mzee aligeuka kutoka ukutani. Kisha akajiinua, akatafuta soksi zake kwa miguu.

Tangu Ulaayuk azaliwe, mzee alimwita mama, kwa kuwa binti huyo alipewa jina la mama mzazi wa mzee.

"Nipakulie supu, mama," alisema. "Jeneza langu limerudi kusini."