Sura ya Mwisho Mstarini

Siku hizi mlango wa nyumba humfungulia yule tu ambaye sura yake inaonekana kwenye skrini ya ukutani. Kwa hiyo bibi yangu, Bi Riziki, aliponiambia nyuso zetu zimeingia ukungu, sikuita fundi. Fundi ni mimi.

Kwanza niliongeza nukta za skrini. Sura zikawa safi, lakini ndogo kama punje za mtama. Nikazikuza hadi asilimia mia na hamsini. Bibi akasogea, akaona hata kidoti cha marehemu babu shavuni, akapiga vigelegele.

"Mikono yako ibarikiwe, mjukuu wangu!"

Nilivimba kichwa, sikatai. Ndipo mlango ukagongwa.

"Raya, fungua! Mlango unasema haunijui!"

Alikuwa mume wangu, Shaame, anatoka kazini. Nikatazama skrini. Sura yake, ya mwisho mstarini kwa kuwa aliingia kwa ndoa, ilikuwa imesukumwa nje ya ukingo.

Nikachukua rimoti nipunguze. Bibi akanishika mkono.

"Iache. Haijawahi kupendeza hivi."

Shaame akagonga tena.

"Ngoja kidogo," nikamjibu, nikarudi nyuma hatua mbili kuitazama kazi yangu.