Jana Mlikula Mara Ngapi?

"Hongera! Kaya yako imetoka kwenye umaskini."

Ujumbe ulitoka kwa watu wa mradi wa kusaidia kaya maskini, walewale waliotugawia simu ya kujibia maswali yao. Niliusoma mara tatu, mikono ikiwa na povu la nguo za watu.

Nikatazama chumba. Ndoo ilikuwa palepale, chini ya bati linalovuja. Sufuria nilikuwa nimeifunika vizuri, ingawa ndani hamna kitu. Sasa huo umaskini umetoka kupitia wapi, na mimi nimeshinda mlangoni nafua?

"Ndiyo maana mwezi huu hawajatuma hela," binti yangu akasema. "Mama, wakiuliza jana tulikula mara ngapi, huwa unawajibu nini?"

"Tatu."

"Tatu? Sisi?"

"Mwanangu, mtu nisiyemjua anachungulia jikoni kwangu, nimwanikie njaa yetu?"

Simu ikatetemeka tena: "Kama kuna kosa, jibu upya. Jana mlikula mara ngapi?"

Binti akanikazia macho. Kidole gumba, kilichokunjamana kwa maji, kikaenda kwenye moja, kikasita.

Sijui hata ni saa ngapi kilibonyeza tatu.