Aliyemtega Ambilikile

Panga lilinolewa mpaka likanyoa vinyweleo vya mkono. Ambilikile aliridhika nalo, akashika njia ya kwenda kumkata mdogo wake.

Alikwenda akiuburuta mguu wa kulia. Ulikuwa umevimba kuanzia kifundoni, kidole gumba kimeoza na kunuka, na ajabu ni kwamba haukumuuma. Alikanyaga mabua makavu ya mahindi, akaacha damu njiani, asisikie kitu. Mguu usiosikia mwiba, alijiambia, si ugonjwa wa Mungu.

Fides, nesi wa zahanati, alikuwa amempima akasema ni sukari. Ikipanda, alimweleza, kidonda kidogo tu huvimba kisipone, na yeye alikuwa akiichochea sukari hiyo na uvimbe wake kwa sigara, kwa ufizi uliooza, na kwa kile kitambi alichojivunia. Aende hospitali upesi, kabla mguu haujakatwa. Ambilikile alimtukana mbele ya wagonjwa. Sukari gani, wakati nyumbani kwake sukari huonekana Krismasi tu?

Mganga ndiye aliyemwelewa. Aliutazama mguu, akauliza amegombana na ndugu gani. Ambilikile akamtaja Yesaya, mdogo wake wa tumbo moja, ambaye waligombania mpaka wa shamba la kahawa hadi wakapigana ngumi. Mganga akasema basi ametegwa kwa uchawi njiani, na mguu hautapona mpaka damu ya aliyetega imwagike.

Ambilikile alilala na neno hilo mwezi mzima. Aliogopa kufa, lakini aliogopa zaidi kukatwa mguu, kwa maana mkulima wa mguu mmoja katika milima ya Ileje ni mzigo wa mkewe. Asubuhi ile hofu ikawa hasira, na hasira ikamwinua kitandani.

Alimkuta Yesaya peke yake, amekaa kwenye kiti mlangoni anaota jua, kitenge cha mkewe kimemfunika toka kiunoni hadi chini. Hakusimama.

Katika ukoo wao, mdogo humwamkia mkubwa akiwa amesimama, kisha humpokea alichobeba. Hata siku ile ya ngumi, Yesaya alisimama kwanza akamwamkia kaka yake, ndipo wakatwangana. Leo alikaa kama chifu. Ambilikile hakuhitaji ushahidi mwingine.

"Karibu, kaka," Yesaya alisema. "Afadhali umekuja mwenyewe."

Kisha akanyoosha mkono kulipokea panga.

Ambilikile aliuona mkono unaokuja kumpokonya, akapiga. Panga la kwanza liliingia kati ya shingo na bega. La pili lilikata vidole vya mkono uliokuwa bado umenyooshwa. Yesaya aliita jina lake, akalia kama mtoto, lakini hakukimbia wala hakuinuka, na ukaidi huo ukamzidishia Ambilikile ghadhabu. Alikata bila kuchagua pa kukata, mpaka kiti kikapinduka na sauti ikanyamaza.

Damu ilikuwa imemrukia miguuni. Alisimama akihema, akautazama mguu wake, akangoja uvimbe upungue.

Ikupa, mke wa Yesaya, alitokea njiani akikimbia, kanga mkononi. Alimwangukia mumewe, akajaribu kumgeuza, na kitenge kikateleza. Miguu ya Yesaya ilikuwa imevimba yote miwili, ngozi imepasuka, nyayo nyeusi zimefungwa vitambaa vilivyolowa usaha. Mtu asingeweza kuisimamia.

Panga lilimponyoka Ambilikile.

Ikupa alikirudisha kitenge juu ya miguu hiyo. Alimwinulia uso taratibu.

"Natoka kwako, shemeji, tumepishana njia. Alinituma nikuite, mwende hospitali pamoja," alisema. "Mganga alimwambia ni wewe uliyemtega. Yeye akakataa."