Wiki Ijayo Watamtafuta Wapi

"Wiki ijayo watamtafuta wapi?" mzee aliuliza hata kabla hajaketi.

Mwandishi akamsogezea kiti. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Watamtafuta wapi?"

Wasomaji wengine waliopiga simu ofisini kwa gazeti walitaka kujua kama mke wa kwenye hadithi yake ya kila wiki, yule aliyepotea, alikuwa na hawara, au kama shemeji yake alikuwa na mkono katika jambo lile. Mzee huyu hayo hayakumhusu. Alitaka mahali tu, tena alitaka kupajua kabla gazeti halijachapwa.

Alianza kuja mwanzoni kabisa mwa hadithi, pale mke alipotoka kwenda kununua uzi asirudi. Alikaa kwenye benchi la mapokezi, kofia mapajani, akasema kwa sauti ndogo kwamba na mke wake aliondoka vivyo hivyo, mchana kweupe, miaka mingi iliyopita, na majirani wakasema kafuata mwanamume. Mwandishi alikuwa amebuni kila kitu huku akipiga pasi. Siku ile alijifungia chooni akalia.

Tangu hapo, kila alipoleta sehemu mpya alimkuta mzee anasubiri, akamnong'oneza mahali pa wiki ijayo. Soko la mji wa jirani. Hospitali. Stesheni ya treni. Mzee aliitikia kwa kichwa, akashukuru, akaondoka mgongo umemnyooka kidogo.

Mara moja tu mambo yaliharibika. Mwandishi alimwambia kwamba ndugu wa yule mke wamechoka kuzunguka, sasa wanarudi kuanza upya, kwenye nyumba aliyoishi na mumewe. Mzee alibadilika rangi. Akaomba maji, akayanywa yote.

"Nyumbani usiwapeleke, mwanangu. Nakuomba. Wapeleke mbali."

Roho ilimuuma mwandishi. Alimwelewa: mtu aliyeachwa peke yake ndani ya nyumba asingependa kuvikuta vyumba vyake gazetini. Akaichana sehemu ile, akawapeleka ndugu mpakani. Mhariri alifurahi mno, maana safari ya mpakani ilimhakikishia mauzo ya wiki nyingi.

"Huyu mama mtamtafuta mpaka nistaafu," alitania. "Na wala sina haraka."

Mwandishi ndiye aliyekuwa na haraka. Kuna mchapishaji aliyetaka riwaya, kitabu kizima chenye jina lake juu ya jalada, jambo alilolitamani tangu akiwa msichana. Sharti lilikuwa moja: hadithi ya gazetini ikatishwe, kwa sababu hakuna anayenunua kitabu ambacho mwisho wake ameshausoma.

Angekubali siku ile ile, kama si mzee. Kuikatisha hadithi, aliona, ni kumpokonya mke wake mara ya pili.

Tena kulikuwa na yule mwanamke wa hadithini mwenyewe. Mwandishi alimwona kila alipofumba macho, hata saluni akisukwa. Kilichomtisha ni kwamba mwanamke hakwenda popote. Alimwandikia mabasi, alimwandikia nyumba za wageni na marafiki wapya, lakini yeye alisimama palepale, ndani ya chumba kimoja chenye mwanga hafifu, akimtazama bila hasira, kama mama anayengoja mtoto amalize kucheza. Mwandishi akaanza kuiogopa nyumba yake. Mumewe akienda kazini, aliacha redio ikiongea mchana kutwa.

"Maliza," mumewe alimwambia asubuhi moja, akifunga kamba za viatu. "Mpe huyo mama mwisho wake apumzike. Na mimi nipumzike. Nimechoka kuishi na wake wawili, na mmoja simwoni."

Mwandishi alicheka, kicheko cha kwanza baada ya siku nyingi, na kabla hajamaliza kucheka alikuwa ameshaamua. Ataandika kitabu.

Mchapishaji alitaka mke yule akutwe amekufa. Vifo vinauza, alisema. Hapo mwandishi alikaza shingo. Ama mwanamke awe hai, ama kitabu kisiwepo. Wakavutana hadi mchapishaji akasalimu amri, bila kujua kwamba mwisho ule uliandikwa kwa ajili ya msomaji mmoja tu.

Msomaji huyo alipoambiwa habari za kitabu, aliinuka kwenye benchi.

"Chote kwa mpigo mmoja? Sasa mimi nitajuaje mapema?"

"Ndiyo maana nimekuja, baba. Nakwambia wewe kabla ya wote." Akamshika mkono na kumketisha. "Anapatikana. Yuko mzima, mji wa mbali, ana duka lake la nguo. Ndugu zake wanamkumbatia, na kutafuta kunaishia hapo."

"Umeshaandika?"

"Nimeshaandika. Kitabu kiko mtamboni."

"Na hakuna wa kubadilisha?"

"Hakuna, baba."

Mzee alishusha pumzi ndefu, na machozi yakamtoka. Akamshika mwandishi mikono yote miwili akaibusu, akamwita malaika wake. Mwandishi naye alilia, kwa furaha ya mtu aliyetenda jema na kuliona likipokelewa. Dada wa mapokezi aligeukia dirishani ili awaachie nafasi.

"Kwa hiyo," mzee alisema, akivaa kofia yake, "sakafu hawataivunja."

Katika hadithi yote, tangu sehemu ya kwanza mpaka ukurasa wa mwisho wa kitabu, mwandishi hakuwa ameandika neno hata moja kuhusu sakafu.