Somo Chini ya Turubai

Kufikia saa nne asubuhi viti vilikuwa vimekwisha, na watu bado wanakuja.

Mwalimu Beno alishika kipaza sauti kwa furaha. Mara tatu alikuwa amewaalika wazazi waje kusikiliza klabu yake ya historia, na mara tatu akaambulia mlinzi wa shule. Mwalimu mkuu, Mama Hyasinta, akakata shauri: wasipotokea watu Jumamosi hii, klabu inafungwa na chumba chake kinakuwa stoo ya madawati mabovu. Beno aliipenda klabu ile kuliko mshahara wake, jambo ambalo kwa mwalimu si gumu sana.

Ndipo akaamua kwamba kama watu hawaji shuleni, historia itawafuata mtaani. Akaazima turubai, akalifunga katikati ya mtaa pale Ilala, akapanga viti vya plastiki. Watoto akawaketisha mkekani, akawaonya kwamba atakayecheka atakiona. Wakatulia tuli, vichwa chini.

"Vikundi vya kijamii ni nini?" aliwauliza.

"Ni vya WhatsApp, mwalimu," alijibu Leticia wa darasa la tano kwa sauti ndogo.

Jibu lile lilimchoma. Akaanza kuwasimulia habari za Bibi Sitara, aliyeunda kikundi cha kwanza cha akina mama mtaani pale. Wageni kutoka kusini waliposhuka mjini bila ndugu wala jamaa, akina mama hao waliwapa mkeka na uji. Mgonjwa hakuuguzwa peke yake, na mzazi hakukosa wa kumkanda.

"Alikuwa mama wa wote," alisema Beno kwa huzuni. "Ameacha pengo ambalo hatutaliziba."

Mama mmoja akaangua kilio. Wa pili akampokea. Beno nusura aruke. Katika kufundisha kwake kote hakuwahi kumliza mtu kwa historia, labda siku za matokeo.

Habari zilikuwa zimesambaa. Wauza mitumba wa Mchikichini walifunika meza zao wakaja na khanga kichwani. Machinga wa kona ile, ambao hawazimi spika hata kwa adhana, leo walizizima. Nyuma ya turubai akina mama walikuwa wameshainjika sufuria kubwa, mmoja anakata vitunguu, mwingine anapepeta mchele, na hakuna aliyewaomba. Beno aliwatazama akajisemea kwamba wanaodai umoja umekufa hapa mjini waje wajionee. Moyo ulimjaa.

Mara akamwona Mama Hyasinta akipenya katikati ya watu, amejifunga khanga juu ya suti yake ya ofisini. Mwalimu mkuu aliutazama umati, akamsogelea, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mwalimu, kwa kweli sikujua," alinong'ona. "Yale maneno ya kufunga klabu yasahau, nimeyafuta. Na Jumatatu usije. Chukua siku zozote unazohitaji."

Beno hakuamini masikio yake. Klabu imepona, na mapumziko juu! Mwanamke aliyemnyima hata boksi la chaki leo alikuwa anafuta machozi mbele ya watoto. Kumbe historia ikisimuliwa vizuri inalainisha hata jiwe. Akakirudia kisa cha Bibi Sitara kuanzia mwanzo, safari hii kwa madaha zaidi, na vilio vikapanda.

Alipomaliza, Mzee Sadalla, mwenyekiti wa wazee wa mtaa, mtu ambaye hakuwahi kuitikia mwaliko wake hata mmoja, alikuwa amesimama pembeni akimsubiri. Suruali yake ilikuwa na udongo hadi magotini.

"Shikamoo, mzee. Asante sana kwa kuja."

"Marahaba, mwanangu. Ni wajibu wetu." Mzee akamshika bega, akamvuta kando taratibu. "Watu wametimia, na vijana wameshamaliza kuchimba kaburi. Sasa tuambie, maiti iko wapi?"